Mawe ya kale: lokesheni sitoi, lakini maswali leteni

Haya. Meseji zimejaa na karibu nusu ni swali lile lile, so naanza nalo nilimalize ndio wengine mpate nafasi. Kama lako halipo ujue ama nililijibu majuzi ama uliandika "mambo" ukaishia hapo ukingoja nikuulize shida yako ni gani.

"Boss niaje, tupatie lokesheni za hayo makaburi ya mawe ya zamani yako huku Nakuru. Tuko kikosi ya pikipiki kumi, tunataka kuyapiga yote wikendi moja." (Naivasha, Gilgil, Kericho, Section 58, yaani wengi)

Hapana.

Wacha nieleze alafu tusirudie. Hayo marundo ya mawe mnaona kwa mashamba kuanzia Naivasha ukipanda Gilgil mpaka Njoro, mengine ni mawe mkulima alitoa mbele ya jembe akarusha pembeni, na mengine ni makaburi ya wafugaji waliokua hapa kitu miaka elfu mbili, elfu tatu iliyopita. Hayana ua, hayana askari, hayana kibao. Kinachoyalinda ni kwamba watu hawajui yako wapi, basi. Nikiandika lokesheni leo, wikendi hii mtakuja nyinyi na makamera, hiyo ni sawa, lakini wiki ijayo atakuja mwingine usiku na sururu. Kuna rundo moja nalijua lilikaa salama miaka hiyo yote na saa hii ni shimo, juu mtu alidanganywa ati Mjerumani alizika mali hapo. Mjerumani gani, Gilgil? Mjerumani alikua ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, hebu someni hata historia ya shule ya msingi kabla mbebe jembe.

Na inaniuma si kwa sababu ya jiwe lenyewe. Mtu wa akiolojia akifungua kaburi kama hilo anaangalia maiti ililazwa upande gani, bakuli ilikua kichwani ama miguuni, makaa yalikua chini ya mifupa ama juu yake, maana hayo makaa ndio yanapimwa kujua ni miaka mingapi. Ukishachomoa bakuli ukaenda nayo nyumbani uko na bakuli tu. Hujui ilikua ya nani, ya lini, na hakuna mtu mwingine atakuja kujua, umemaliza hiyo kazi na mikono yako miwili.

So anzeni na mahali pako na geti. Hyrax Hill hapo Nakuru, alafu Kariandusi pale karibu na Elementaita, ingawa Kariandusi si makaburi, ni mashoka ya mawe ya watu wa zamani zaidi, mamia ya maelfu ya miaka, na yamelala pale pale Louis Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, aliyakuta mwisho wa miaka ya 1920. Mkimaliza hizo na bado mko na hamu, nendeni kwa mwenye shamba. Mnapiga hodi, mnasalimia, chai ikiletwa mnakunywa, mnaeleza nyinyi ni kina nani na mnatafuta nini. Mkiambiwa hapana mnasema asante mzee na mnarudi. Na muwe wawili watatu, si pikipiki kumi. Mzee akiona pikipiki kumi zinaingia kwake asubuhi mapema atajua ni maneno ya mashamba, na hapa kwetu Nakuru hakuna haja nieleze maneno ya mashamba imewahi kutufikisha wapi.

"Habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Lanet, mkubwa ako darasa la sita. Nataka kuwapeleka Hyrax Hill lakini baba yao anasema hakuna kitu, ni mawe tu. Tutaona nini?"

Baba watoto amesema ukweli, ni mawe. Shida ni vile watu wanayaangalia, wanafika, wanazunguka dakika kumi, selfi mbili, wanaenda nyama choma wakisema wametapeliwa. Mama, wewe usiende hivyo.

Kwanza mmebahatika, hapo ni katikati ya kwenu na tao, mnashuka barabara kuu ya Nairobi mnatembea kidogo tu. Ingieni kwanza ndani ya makumbusho, ni nyumba ya zamani ya mlowezi, imefunguliwa kwa watu tangu 1965, ndogo lakini ikiwa hujapitia hapo huko nje hutaelewa kitu. Alafu ombeni mtu wa makumbusho atembee na nyinyi. Hii nasisitiza. Mary Leakey, mtafiti pia na mke wa huyo Louis, alichimba hapo 1937 na 1938, na moja ya vitu alipata ni makaburi ambapo wanawake wamezikwa na vyombo vyao vya mawe, mabakuli na michi, na wanaume hawana kitu, mikono mitupu. Waambie watoto wakisie ni kwa nini. Msichana wako atakua na jibu zuri kuliko kijana, amini mimi. Juu ya makaburi hayo watu wengine wa baadaye sana walikuja wakaishi bila habari ya wenye wako chini.

Kuna pia mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa zamani, nitayaeleza huko chini juu kuna mtu ameuliza kitu cha kunipandisha presha, na kuna bao limechongwa kwa mwamba, vishimo kabisa vya kuwekea kete. Wacheze lakini wasichonge. Mpande mpaka juu kwenye ule ukuta wa mawe, mwangalie ziwa. Miaka kitu elfu tisa iliyopita maji yalikua juu sana, Nakuru na Elementaita ni ziwa moja, na hicho kilima kimezungukwa na maji karibu pande zote. Watoto wa siku hizi hawatashangaa sana, wao wamezaliwa wakaskia vile ziwa lilipanda likameza geti ya zamani ya paki.

Nendeni asubuhi. Jua likiwa chini kivuli kinalala kwenye mashimo na unayaona vizuri, saa saba mchana ni nyasi tu. Na asubuhi ndio pimbi wanatoka kuota jua kwa mawe, hao ndio walipatia kilima jina. Kulipa ni kwa eCitizen so weka bando kwa simu kabla utoke nyumbani, usikuje kuanza kubishana na askari wa geti na noti mkononi.

"Chini ya hayo mawe kuna dhahabu?" (swali la kila mwezi)

Hakuna. Wala mekuri.

"Niko Njoro. Tukilima tulipata kitu kama bakuli la jiwe, nzito, limechongwa ndani vizuri sana. Mamangu amekua akiwekea kuku maji. Jirani anasema tutafute Mzungu tuuze. Nifanyeje?"

Usiuze. Na kuku wapewe sufuria nyingine leo leo.

Wewe hata ungekua Kitui ningekuambia hivyo, lakini wa Njoro! Hapo hapo kwenu, kwa pango kando ya mto Njoro, 1938 Mary Leakey alichimba akapata mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa kisha wakawekwa hapo, miaka kama elfu tatu imepita. Na karibu kila mtu na bakuli lake la jiwe, mchi wake na jiwe lake la kusagia. Shanga za mawe ya rangi, mamia. Hata chombo cha mbao kilichochongwa urembo na vipande vya kibuyu, vitu ambavyo kawaida vinaoza vikaisha, hivi vilibaki kwa sababu viliungua vikawa makaa. Wembe zao zilikua za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa, na hawa watu walikua wanaipenda ile ya mlima Eburru wanabeba mpaka mbali. Mimi nimekutana na watu wamemaliza miaka minne ya chuo hapo Njoro na hawajawahi kusikia hiyo stori hata siku moja, lakini piramidi za Misri wanakuchorea.

Sasa kufanya ni hivi. Rudi mahali mlipata hilo bakuli, piga picha ya mahali, si ya bakuli peke yake, na andika kwa karatasi ni umbali gani kutoka kwa nyumba ama mti ama ua. Msiendelee kulima hapo mita chache kwanza. Bakuli usilioshe na sabuni, usilisugue na waya, uchafu uliokauka ndani yake unaweza kupimwa ukasema lilikua linasagiwa ama linapikiwa nini (najua kuku wameshaharibu, lakini kilichobaki kibaki). Alafu peleka habari kwa watu wa makumbusho, kwako karibu ni Hyrax Hill. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakupa siku saba tangu upate kitu kama hicho, na chochote kilichotengenezwa kabla ya 1895 ni kitu cha kale kwa macho ya hiyo sheria, kukiuza kimya kimya kwa Mzungu ama kwa Mwafrika ni kujitafutia korti. Jirani yako hatakuja kukulipia dhamana.

Na najua unaogopa nini, hujauliza lakini najua, ati serikali itakuja ichukue shamba. Sijaona mtu kwetu huku akinyang'anywa shamba juu ya bakuli. Nimeona mtu akipewa asante, na jina lake likaandikwa kwa kadi ya hicho kitu, hiyo ndio faida yote, sitakudanganya kuna pesa.

"Kit Mikayi, yale mawe makubwa yamepandana huko Seme, ilijengwa na nani? Mbona serikali inaficha kwamba ni kazi ya majitu?" (Kondele)

Ilijengwa na mvua na jua. Ni granaiti, ilipasuka ikiwa bado chini ya ardhi, maji yakaingia kwa nyufa yakaila pole pole, udongo ukachukuliwa, mawe yakabaki yamepandana. Hata lile jiwe la Ilesi kwa barabara ya Kakamega, lile linalolia, ni maumbile tu, hakuna mtu alisimamisha. Nimechoka kuona orodha za "mawe yaliyosimamishwa na wazee wetu" na namba moja ni Kit Mikayi.

Sijasema msiende. Nendeni, ni kama kilomita thelathini tu kutoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, na watu wa Seme wako na stori yao ya mzee aliyekua anaamkia hapo kila siku mpaka bibi yake akiulizwa mzee ako wapi anajibu ameenda kwa bibi wake mkubwa. Lakini mkumbuke hapo watu wanaomba. Waumini wa Legio Maria na wengine wanakaa hapo wamefunga, wengine siku kadhaa, na nyinyi mnakuja na spika ya bluetooth mnaweka amapiano. Aibu ndogo ndogo.

"Shamba la baba huku Uasin Gishu liko na shimo kubwa la duara limejaa nyasi, wazee wanasema ni la Sirikwa. Tunataka tuchimbe kidogo tu tufanye dimbwi la samaki kwa sababu nusu ya kazi imeshafanywa. Ama ni kaburi?"

Si kaburi. Na "kidogo tu" ndio neno limemaliza mashimo mengi.

Kwa muda mrefu watu walidhani hizo ni nyumba za chini ya ardhi, ama makaburi ya halaiki, ama mahali watu walikua wanajificha. Watafiti, hasa John Sutton aliyezunguka sana hizi nyanda za juu za magharibi, wakaonyesha kwamba ni maboma ya ng'ombe. Unachimba duara kwa mteremko, mlango uko upande wa chini, ng'ombe wanalala ndani, mavi na matope yanatolewa nje kila siku mpaka yanakua rundo hapo mbele ya mlango, na nyumba ya watu inajengwa kando imeshikana na boma. Yalitumika kuanzia kama mwaka 1200 mpaka miaka ya 1700 hivi. Mwizi wa ng'ombe akija usiku lazima apite kwa mlango mmoja, na mwenye ng'ombe amelala hapo ubavuni.

Sasa rundo la mavi la miaka mia kadhaa ndio maktaba ya hiyo familia, mifupa ya chakula, vigae vya vyungu, kila kitu kiko hapo, na nyinyi mtalitoa na tingatinga muuze kama mbolea. Tafuteni pembe ingine ya shamba, tilapia hawajali wanaogelea wapi. Na kwa akili ya kawaida tu, boma lilichorwa ili maji yatoke kwa mlango, mtahangaika kuziba huko chini mpaka mjute.

"Nawasalimu kutoka Wales, nafanya kazi ya kutunza wazee, siku ya ofu sina pa kwenda. Wenzangu kazini wanasema kuna makaburi ya mawe ya kale huko mashambani, unatembea tu unayaona. Sasa mimi mtu mweusi nikiingia kwa shamba la watu si nitaitiwa polisi?" (dada wa Mumias)

Dada, hapo ulipo uko na bahati ambayo sisi hatuna. Uingereza na Wales kuna njia za miguu za umma zinapita katikati ya mashamba ya watu, ziko kwa ramani za Ordnance Survey zimechorwa, na ukiwa kwa hiyo njia uko na haki sawa na mwenye shamba kupita. Kuna vibao. Usitoke nje ya njia, acha kila geti vile ulivyoikuta, ukiona ng'ombe wako na ndama zunguka mbali hata kama wewe ni wa kwenu ng'ombe huwaogopi, hao hawakujui. Gambuti lazima, si raba. Na ambia mtu kazini unaenda wapi, netiweki huko milimani ni kama ya kwetu Suam.

Anza na Pentre Ifan, Pembrokeshire, haina ada. Ni jiwe la juu la kitu mita tano, tani 16 hivi, limekalia ncha za mawe matatu tangu miaka zaidi ya elfu tano iliyopita na bado halijaanguka. Wengi wanasema zamani lote lilikua limefunikwa na mawe madogo na udongo, na unachoona ni mifupa ya chumba. Ukifika kaskazini kisiwa cha Anglesey tafuta Bryn Celli Ddu, hiyo unaingia ndani kabisa umeinama, na jua la asubuhi ya siku ndefu ya mwaka, mwezi wa Juni, linapita kwa ujia mpaka ndani ya chumba. Beba tochi, usiwashe mishumaa, watu wanaacha nta kwa mawe wakijifanya wa kiroho.

Stonehenge kama huna budi nenda, lakini utalipa pesa nzuri uyaangalie ukiwa nje ya kamba, na si mbali sana, Avebury, unayashika mawe bure na kondoo wanakuzunguka. Hiyo Stonehenge 1915 iliuzwa kwa mnada, jamaa anaitwa Cecil Chubb akainunua pauni 6,600, miaka mitatu baadaye akaipatia serikali. Nawaza mtu wa kwetu angenunua Hyrax Hill kwa mnada angekua ameshajenga hosteli kabla wino ukauke.

"Mwalimu mwenzangu, klabu yetu ya historia hapa Kitale inataka kwenda Turkana kuona Namoratunga, zile nguzo za mawe. Ni kweli ni kalenda ya nyota ya miaka 300 kabla ya Kristo?"

Mwalimu, asante kwa kuuliza kabla ya kuandikia wanafunzi notsi, wenzako wengi wanaanza na notsi.

Hiyo stori ilitoka 1978. Watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo 19 za mawe pale karibu na Kalokol zimepangwa zikielekea nyota zile zile Waborana wanatumia kwa kalenda yao, na wakasema ni za kama miaka 300 kabla ya Kristo. Dunia ikapenda sana. Lakini miaka ya 1980 wengine wakaenda kupima tena na kukawa na shida, mojawapo hayo mawe ni basalti, jiwe la volkano, na yako na sumaku, ukiweka dira karibu nayo inakudanganya. Na zaidi ya hapo, kazi ya miaka ya karibuni upande ule wa magharibi wa ziwa imeonyesha sehemu za nguzo hizi ni za zamani zaidi sana, kati ya miaka elfu tano na elfu nne iliyopita. Kwa hivyo hiyo hesabu ya nyota ilipigwa kwa anga ya wakati ambao siyo. Ambia wanafunzi hivyo, hiyo yenyewe ni somo tosha la vile sayansi inajisahihisha.

Kile kiko chini ya hizo nguzo ndio cha maana na hakuna mtu anauliza. Kuna ingine inaitwa Lothagam Kaskazini, ripoti kubwa ilitoka 2018. Wafugaji wa kwanza kabisa wa sehemu hizo, ziwa likiwa linakauka na kurudi nyuma, walijenga jukwaa la mawe upana wa mita 30 hivi, wakachimba katikati, na kwa karne kadhaa wakazika hapo watu wanaokisiwa kuwa si chini ya 580. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mtu na mapambo yake. Hakuna kona ya wakubwa na kona ya maskini. Mmoja alikua na kitu cha kichwani kimetengenezwa na meno 405 ya panya wa jangwani. Walipojaza, wakafunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo walizobeba mpaka kutoka kilomita nzima. Na vyungu vyao ni vya aina inaitwa Nderit, jina limetoka kwa huu mto wetu Nderit unaoingia ziwa Nakuru, juu huku ndiko vilitambuliwa kwanza. Hiyo safari ya ng'ombe na vyungu kutoka Turkana mpaka hapa kwetu ilichukua vizazi na vizazi, na nyinyi mtaifanya kwa basi mkilalamika kiti ni kigumu.

Basi liwe la kutoka Kitale alfajiri, mpite Kapenguria na Marich, mlale Lodwar. Kalokol ni kama kilomita 60 zaidi na nguzo ziko kando ya barabara, mkifika saa kumi na mbili unusu asubuhi mtafurahia, mkifika saa sita mtazimia. Lothagam msijaribu na basi la shule, ni gari la nguvu na mwenyeji. Kuna ile nyingine ya Lokori, iko na mawe yamechorwa alama za ng'ombe, ni nzuri, lakini mkitaka kwenda lazima muulize polisi na wenyeji wiki hiyo hiyo, na njia ya Kapedo na watoto wa watu ndani ya gari msiniambie hata mliwaza. Pale Kalokol wazee wanasimulia ni watu walikua wanacheza ngoma wakageuka mawe. Mpate mzee wa hapo awaambie mwenyewe, kwa adabu, na mumpatie kitu, wakati wake si wa bure kwa sababu nyinyi ni wanafunzi.

"Droni inaruhusiwa?"

Bila kibali cha KCAA, wale wa usafiri wa anga, hapana, na ukiwa nacho bado uliza wenyeji.

"Mama mkwe amenikataza kukaribia marundo ya mawe ya kale nikiwa mjamzito. Mimi nimesoma siamini hayo mambo. Nimwambie aje?"

Usimwambie kitu, msikilize. Mawe yatakungoja mpaka ujifungue. Na nikuambie, hofu ya kina mama wakwe imelinda makaburi mengi kuliko sheria zote za bunge.

"Thimlich Ohinga ni makaburi ama ni ngome? Na kutoka Kisumu naenda na kurudi siku moja?" (Nyalenda)

Ni ngome, ni makao. Si ya zama za mawe, usichanganye, ni ya kama miaka 500 iliyopita. Kuta zimepangwa mawe bila simiti, bila udongo, nyingine zinafika mita nne na zaidi, na milango ni mifupi makusudi, ukiingia umeinama aliye ndani anakuona kichwa kwanza. Imeingia orodha ya UNESCO 2018 na saa hii kila mtu anajifanya aliijua, lakini Nyanza Kusini kuna sehemu 138 za aina hiyo zilizohesabiwa, na nyingi mawe yake yanaishia kwa msingi wa nyumba na choo. Kama kwenu Ndhiwa ama Nyatike kuna ukuta kama huo nyuma ya boma, wacha kuubeba.

Siku moja inawezekana ukitoka Kisumu giza halijaisha na uko na gari yako, kwa matatu za kuunganisha na boda ya mwisho utalala Migori. Usipande juu ya kuta kupiga picha. Zimesimama kwa kubebana, jiwe moja likitoka linatoka na wenzake.

"Ukiwa Mlima Elgon, mapango pia yana watu wa kale? Tunaweza lala ndani?"

Watu wamekaa kwa mapango ya Elgon na ng'ombe wao mpaka juzi juzi, hiyo ni kweli. Kulala ndani hapana. Mwaka 1980 na tena 1987 kuna wageni waliopitia pango la Kitum wakashikwa na ugonjwa wa Marburg wakafa, na hiyo virusi inabebwa na popo. Kaa mdomoni mwa pango, usishike mavi ya popo, usipeleke mtoto kuguza guza kuta, na kama unataka mwamba wenye historia upande huo wa magharibi nenda Kakapel kule Teso, Busia. Kuna michoro ya enzi tofauti imepandana ukutani, na 2024 watafiti walitangaza kunde hapo za miaka 2,300. Kunde! Beba chakula chako, viatu vya kufunika vidole juu ya kifutu kwa nyasi, na ukifika salimia watu wa hapo kabla utoe simu.